Oili ya kompresa unapohamia gesi rafiki kwa ozoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mafundi wa majokofu na viyoyozi, na pia wa wenye vyumba vya baridi wanaotaka kuelewa fundi anafanya nini na mashine yao. Mtu anayesema "nimebadili gesi" mara nyingi hajabadili oili, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Soma swali linalokuhusu. Si lazima ufuate mpangilio.

Kinachoharibu ozoni ni gesi. Oili inaingiaje hapa?

Oili yenyewe haina ugomvi na ozoni. Kinachomong'onyoa tabaka la ozoni ni klorini iliyomo kwenye gesi za CFC (zenye klorini, florini na kaboni) kama R-11, R-12 na mchanganyiko wa R-502, na kwa kiasi kidogo kwenye HCFC (ndugu zake wenye haidrojeni pia) kama R-22. Mkataba wa Montreal wa 1987, ulioanza kutumika Januari 1989, uliziweka gesi hizi kwenye ratiba ya kuondolewa. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2010 kuacha CFC, na ratiba ya HCFC inafikia kilele mwaka 2030, kukiwa na kiasi kidogo kilichoachwa kwa ajili ya kuhudumia mashine za zamani.

Sasa, ndani ya mfumo wa kupozea, gesi na oili huzunguka pamoja. Kila kompresa hutupa oili kidogo kwenye bomba la kutolea, na oili hiyo inatakiwa izunguke kondensa (panapotolewa joto), vali na evapoareta (panapopozwa chumba) kisha irudi nyumbani. R-12 iliyeyusha oili ya madini (oili ya zamani itokanayo na mafuta ghafi) vizuri, kwa hiyo ilirudi bila kubembelezwa. Gesi za HFC (zisizo na klorini) zilizochukua nafasi yake, kama R-134a na R-404A, haziiyeyushi. Ukiondoa klorini kwenye gesi, umeondoa pia urafiki wake na oili ya zamani.

Nikiacha oili ya madini na kuweka R-134a, nini hasa kitatokea?

Siku ya kwanza, hakuna. Mashine itawaka, itapoza, na mteja atalipa. Shida inakuja polepole.

Oili inayotoka na gesi inafika kwenye evapoareta, mahali penye baridi kuliko pote. Pale inakuwa nzito, na kwa kuwa haijayeyuka ndani ya gesi, inatulia chini ya mabomba na kupaka kuta zake kwa ndani. Utando huo unazuia joto lisipite, kwa hiyo chumba kinachelewa kupoa na kompresa inafanya kazi muda mrefu zaidi. Wakati huohuo kioo cha oili kwenye kompresa kinashuka. Fundi asiyejua anaongeza oili. Wiki chache baadaye mfumo unayeyusha barafu, evapoareta inapata joto, na oili yote iliyolala kule inarudi kwa mkupuo. Kompresa imetengenezwa kusukuma mvuke, haikutengenezwa kusukuma kimiminika. Vali zake zinavunjika.

Kuna jambo la pili ambalo watu hulisahau. Klorini ya R-12 ilikuwa ikisaidia kulainisha: kwenye sehemu zinazosuguana ilijenga utando mwembamba wa kloridi juu ya chuma. R-134a haina klorini, kwa hiyo oili mpya inabeba mzigo wote wa kuzuia msuguano peke yake, mara nyingi kwa msaada wa viongezeo.

Oili za sintetiki ni zipi, na zinatofautianaje?

Kwa kazi ya kubadili mifumo utakutana na nne.

Poliolesta, inayojulikana zaidi kwa herufi POE, ndiyo oili kuu ya HFC. Hutengenezwa kwa kuunganisha asidi na alkoholi maalumu, na oili za jamii hii zilikuwa zikitumika kwenye injini za ndege za jeti kabla ya kuingia kwenye majokofu. Inayeyuka vizuri ndani ya HFC, na pia inachanganyika na oili ya madini iliyobaki. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayoifanya ifae kubadilishia mfumo wa zamani. Udhaifu wake ni maji, na nitaueleza kwa kirefu hapo chini.

Polialkilini glikoli, au PAG, ni oili ya viyoyozi vya magari vya R-134a. Inalainisha vizuri sana, lakini inanyonya maji kuliko hata POE, haichanganyiki na oili ya madini, na haipatani na mabaki ya klorini. Isitoshe, inapitisha umeme kuliko POE, kwa hiyo si ya kompresa zenye mota ndani.

Alkilibenzini, AB, ni oili ya sintetiki inayochanganyika na oili ya madini na kuyeyuka vizuri ndani ya R-22 hata kwenye baridi kali. Ilipata umaarufu na michanganyiko ya mpito kama R-401A, R-402A, R-408A na R-409A. Kumbuka tu kwamba michanganyiko hiyo ina HCFC ndani yake; ilipunguza madhara kwa ozoni bila kuyamaliza.

Polivinili etha, PVE, utaikuta kwenye baadhi ya viyoyozi vinavyotoka kiwandani na R-410A au R-32. Inanyonya maji, lakini maji hayo hayaivunjivunji kuwa asidi kama yanavyofanya kwa POE.

Basi gesi ipi inakwenda na oili ipi?

Ukitoka R-12 kwenda R-134a kwenye jokofu la biashara au chumba cha baridi: POE. Ukitoka R-502 kwenda R-404A au R-507A: POE. Ukitoka R-22 kwenda R-407C: POE tena. Gesi za karibuni zenye HFO (jamii mpya ya gesi zisizoharibu ozoni), kama R-513A inayochukua nafasi ya R-134a, au R-448A na R-449A zinazochukua nafasi ya R-404A, nazo hutumia POE; kama mfumo tayari una POE safi na kavu, kwa kawaida kazi ya oili inakuwa nyepesi.

R-410A haimo kwenye orodha hiyo. Shinikizo lake linaizidi R-22 kwa zaidi ya nusu, na hakuna oili itakayoifanya kompresa au kondensa ya R-22 iweze kulibeba. Ukiambiwa mtu "alibadili" kiyoyozi cha R-22 kwenda R-410A kwa kumwaga oili tu, kaa mbali na mashine hiyo.

Mbona kuna gesi zinazouzwa kwa maelezo kwamba oili haihitaji kubadilishwa?

Zipo, na si uongo, ila maelezo hayo huishia nusu njia. R-417A, R-422D na R-438A zimeundwa kuchukua nafasi ya R-22 na zina kiasi kidogo cha hidrokaboni, kama butani, kwenye mchanganyiko. Hidrokaboni hiyo inayeyuka ndani ya oili ya madini, inaifanya iwe nyepesi, na hivyo inaisaidia kurudi. Kwenye kiyoyozi kidogo, chenye bomba fupi na mpangilio rahisi, mara nyingi inatosha.

Kwenye mfumo wenye mabomba marefu, bomba la kufyonza linalopanda juu, au tangi la kimiminika ambamo oili inaweza kuelea juu ya gesi iliyo kimiminika bila kuchanganyika nayo, haitoshi. Hapo utalazimika kuondoa sehemu ya oili ya madini na kuweka POE, wakati mwingine robo yake, wakati mwingine zaidi, hadi kiwango kwenye kioo kitulie. Ushauri wangu: kama unafungua mfumo mkubwa hata hivyo, usiwe mchoyo wa oili.

Kwa nini kila mtu anaogopa unyevu linapokuja suala la POE?

Kwa sababu POE na maji vinavutana. Oili ya madini inakubali maji kidogo sana. Yakizidi yanabaki pembeni, na vakyumu nzuri (kunyonya hewa yote kwa pampu) inayachemsha na kuyatoa. POE inayashika maji ndani yake kabisa. Ukiiacha wazi kwenye hewa yenye unyevu inaendelea kunyonya hadi kufikia zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni, ilhali POE mpya inayotoka kiwandani huwa na takribani sehemu 50 kwa milioni au pungufu.

Ili uone ukubwa wa namba hizo: tone moja la maji kutoka kwenye ncha ya kidole lina uzito wa takribani miligramu 50. Lita moja ya POE ina uzito wa karibu kilo moja. Tone hilo moja, basi, ni sehemu 50 kwa milioni. Oili iliyokuwa kwenye kikomo chake cha unyevu imekwenda mara mbili ya kikomo kwa jasho la mkono.

Maji hayo yakikutana na joto la kompresa, yanaivunja esta kurudi kwenye asili yake, yaani asidi na alkoholi. Asidi inakula varnishi ya nyaya za mota. Inayeyusha pia shaba kutoka kwenye mabomba na kuipaka kwenye beringi na sehemu nyingine za chuma, ndiyo maana ukifungua kompresa iliyokufa kwa unyevu unakuta chuma kimegeuka rangi ya shaba. Nafasi ndogo kati ya shafti na beringi inazidi kubana mpaka inakwama.

Kwa hiyo kopo la POE hufunguliwa dakika ya mwisho, mfumo ukiwa tayari kuipokea. Chagua kopo lenye ujazo unaolingana na kazi. Tumia pampu ya mkono inayofungwa kwenye mdomo wa kopo, usimimine kwa faneli. Oili nzuri huuzwa kwenye makopo ya bati kwa sababu unyevu unapenya taratibu kwenye kuta za plastiki, kwa hiyo kuihamishia kwenye chupa ya maji ya kunywa ni kuiharibu kwa makusudi. Iliyobaki kwenye kopo lililofunguliwa jana? Isiingie kwenye kompresa ya mteja.

Vakyumu haiwezi kutoa maji yaliyoingia kwenye POE?

Kidogo sana. Vakyumu hutoa maji yaliyo kwenye kuta za mabomba na hewa iliyobaki. Yaliyoshikwa na POE hayachemki kirahisi. Kazi hiyo ni ya filta draya, yaani chujio lenye punje za kunyonya maji, na hata yenyewe ina mwisho wake.

Hiyo haina maana kwamba vakyumu ni ya kupuuzwa. Shusha hadi maikroni 500 (kipimo cha shinikizo dogo sana) au chini zaidi ukipima kwa geji ya elektroniki, kwa kuwa geji ya kawaida ya mafundi haiwezi kukuonyesha kitu pale chini. Kisha funga vali, tenga pampu, na usubiri. Shinikizo likipanda na kutulia mahali fulani, bado kuna unyevu. Likipanda bila kukoma, kuna tundu. Kwa mfumo uliokaa wazi, vunja vakyumu kwa naitrojeni kavu na urudie, hata mara tatu.

Oili ibadilishwe mara ngapi?

Watengenezaji wengi wa kompresa wanataka oili ya madini iliyobaki iwe chini ya 5% ya oili yote kwenye mfumo unaohamia R-134a, R-404A, R-507A au R-407C. Ukimwaga mara moja hufiki hapo, kwa sababu oili haikai kwenye kompresa peke yake. Iko kwenye mabomba, kwenye evapoareta, kwenye kitenganishi cha oili, kwenye tangi la kimiminika.

Chukua mfano wa mfumo wenye lita 4 za oili kwa jumla, na kila ukimwaga unafanikiwa kutoa 70%. Baada ya kumwaga mara ya kwanza na kujaza POE, oili ya madini iliyobaki ni 30%. Mara ya pili inashuka hadi 9%. Mara ya tatu inafika 2.7%. Ndiyo maana mafundi wanasema "mara tatu". Si sheria iliyoandikwa mahali, ni hesabu. Kama mfumo wako una mabomba marefu na unatoa 50% tu kila mara, hesabu inakuwa 50, 25, 12.5, 6.25, na utahitaji mara tano. Kinyume chake, mashine fupi yenye kompresa inayofunguka na oili nyingi ndani yake inaweza kutosheka na mara mbili.

Hesabu hiyo inakubali jambo moja: kwamba kati ya kumwaga na kumwaga, oili mpya na ya zamani zimechanganyika kikamilifu. Mashine inatakiwa ifanye kazi ya kawaida kwa angalau saa 24, na mifumo mikubwa siku mbili au tatu. Ukiwasha nusu saa na kumwaga tena, unamwaga oili yako mpya uliyoinunua, na ile ya zamani iko palepale kwenye evapoareta.

Gesi ya zamani niitoe kabla ya kubadili oili, au baada?

Baada. Hapa ndipo wengi hukosea mpangilio.

R-12 inayeyusha oili ya madini na POE pia. Kwa hiyo unapoingiza POE huku R-12 ikiwa bado ndani, gesi hiyo ya zamani ndiyo inayokufanyia kazi ya kusafisha: inabeba mabaki ya oili ya madini kutoka kila kona na kuyarudisha kwenye kompresa, ambapo utayamwaga. Ukitoa R-12 kwanza na kuweka R-134a, oili ya madini iliyoko evapoareta inapoteza msafirishaji wake na kukwama huko.

Mtiririko wa kazi, basi, ni huu. Kwanza andika hali ya mashine ikiwa na gesi ya zamani: shinikizo la juu na la chini, joto la bomba la kufyonza, ampea za mota, joto la chumba. Tafuta na uzibe matundu yote. Tenga kompresa kwa vali zake, mwaga oili, pima ujazo uliotoka, rudisha ujazo uleule wa POE, toa hewa kwenye kompresa kwa vakyumu, fungua vali na uiache ifanye kazi. Rudia hadi kipimo kikubali. Ndipo unaivuta gesi ya zamani kwenye mtungi wake kwa mashine ya kukusanyia, unabadili filta draya na sili, unavuta vakyumu, na kuingiza gesi mpya.

Kupima ujazo uliotoka si urembo. Ikiwa sahani ya kompresa inasema lita 3 na wewe umemwaga lita 1.8, zile 1.2 ziko mahali fulani kwenye mabomba na zitarudi.

Nitajuaje oili ya zamani iliyobaki ni kiasi gani?

Kwa refraktomita. Ni kifaa cha kushika mkononi chenye kioo cha pembe na kifuniko. Unadondosha oili tone moja au mawili juu ya kioo, unafunika, unakielekeza kwenye mwanga na kusoma mahali kivuli kinapokata mstari wa namba. Oili ya madini na POE hupinda mwanga kwa viwango tofauti, kwa hiyo mchanganyiko wao unasoma katikati. Pima kwanza oili ya zamani peke yake na POE mpya peke yake, ili ujue ncha zako mbili ziko wapi. Viko pia vifaa vya chupa ndogo, ambamo sampuli ya oili inachanganywa na kimiminika maalumu kisha unaangalia kama imejitenga au imekuwa safi.

Rangi haikuambii chochote kuhusu asilimia. POE safi ina rangi ya majani makavu iliyofifia, au haina rangi kabisa, na baada ya mzunguko wa kwanza inaweza kutoka nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea hata kama hesabu yako ni nzuri.

Kwa nini inatoka nyeusi hivyo?

POE ni mumunyishaji mkali. Uchafu uliokuwa umeganda kwenye mabomba kwa miaka mingi, masizi ya kulehemu, nta, varnishi, vyote vinaachia. Hilo ni jema kwa evapoareta, ila ni baya kwa chujio la ekspansheni vali (vali inayopima gesi inayoingia evapoareta) na kwa bomba la kapilari (bomba jembamba sana lifanyalo kazi hiyohiyo), ambavyo vinaziba. Angalia tofauti ya joto kabla na baada ya filta draya siku za kwanza. Bomba la kutokea likiwa baridi kuliko la kuingilia, filta imeanza kuziba. Ibadilishe bila kusita.

Filta draya ya zamani inaweza kubaki?

Hapana. Weka mpya, iliyoandikwa kwamba inafaa kwa HFC na POE, na kwenye mfumo wa kubadilisha chukua yenye ukubwa wa hatua moja zaidi. Punje za kunyonyea maji zilizotengenezwa kwa ajili ya R-12 hazikubali zote R-134a. Nyingine zinaiingiza gesi yenyewe ndani ya vinyweleo vyake na kuharibika. Kama mota iliwahi kuungua, weka filta ya kusafisha asidi kwenye bomba la kufyonza pia, uiache ifanye kazi siku chache, kisha uiondoe.

Sili na oringi je?

Mpira uliokaa miaka na R-12 au R-22 na oili ya madini umevimba na kuzoea kuvimba. Gesi na oili mpya zinaufanya urudi na kusinyaa, na pale ulipokuwa umeziba panaanza kuvuja. Kwenye R-22 kwenda HFC hili hutokea mara nyingi sana kuliko watu wanavyotarajia. Badili oringi, gasketi za vali za kuzuia, viini vya vali za huduma na sili ya shafti kama kompresa ni ya mkanda. Ni vitu vya bei ndogo ukilinganisha na mtungi wa gesi uliopotelea hewani.

Nitachagua mnato gani?

Ule ulioandikwa na mtengenezaji wa kompresa, basi. Namba unazokutana nazo ni 22 kwa kompresa ndogo za majokofu, 32 kwa kompresa nyingi za pistoni za biashara, 68 kwa mashine nyingi za kiyoyozi na za skrubu, na nyingine za skrubu hupanda juu ya 100. Usidhani namba ya oili ya madini uliyoikuta itahamia moja kwa moja kwenye POE, maana kila gesi hupunguza mnato wa oili kwa kiwango chake ikishayeyuka ndani.

Naweza kuchanganya POE za chapa mbili?

Zitachanganyika na huenda zisilete shida, lakini viongezeo vyake vinaweza kutofautiana. Kama huna njia nyingine, angalau mnato uwe mmoja. Kuchanganya POE na PAG usifanye.

Friji ndogo ya nyumbani ya R-12 inastahili kubadilishwa?

Kwa maoni yangu, mara nyingi hapana. Kompresa yake imefungwa kabisa, haina plagi ya kumwagia oili. Ili umwage lazima uikate, uing'oe na kuigeuza juu chini, mara tatu kama hesabu inavyotaka. Bomba la kapilari nalo lilipimwa kwa R-12, na R-134a huhitaji kipimo tofauti. Uwezo wa R-134a pia hupungua kadiri joto la evapoareta linavyoshuka, kwa hiyo upande wa kugandisha utalegea. Kazi yote hiyo inaizidi thamani ya friji yenyewe.

Wako wanaoweka R-600a (isobutani) au mchanganyiko wa hidrokaboni kwa sababu unapatana na oili ya madini iliyomo. Upande wa oili ni kweli, inafanya kazi. Ila gesi hiyo inawaka moto, na friji ya R-12 ilitengenezwa ikiwa na thamostati na swichi ya taa ndani ya kabati, vyote vikitoa cheche. Gesi ikivuja usiku ndani ya kabati lililofungwa, swichi ya mlango ndiyo kiberiti. Friji zilizotoka kiwandani na R-600a zimeondolewa au kufunikwa vitu hivyo. Hiyo ya zamani haijafanyiwa hivyo. Hii ni kazi ya mtu aliyefunzwa gesi zinazowaka tu.

Na kiyoyozi cha gari la zamani?

Gari jipya la R-134a hutoka na PAG, lakini gari la R-12 linalobadilishwa lina mabaki ya oili ya madini na klorini, na PAG haipatani na vyote viwili. Ndiyo maana mafundi wengi hutumia esta, yaani POE. Mwaga kadiri inavyowezekana kutoka kwenye kompresa na tangi la kukaushia, badili tangi hilo, weka oringi za kijani au za aina inayokubali R-134a, na funga viunganishi vipya vya R-134a ili asije mtu akaunganisha gesi ya zamani. Kiasi cha gesi hupungua: anza na karibu 80% hadi 90% ya uzito wa R-12.

Gari lenye kompresa ya umeme, yaani haibridi na la betri, ni kesi nyingine. Oili ndani yake inagusa nyaya za volti kubwa. PAG kidogo tu iliyobaki kwenye hosi za mashine ya kujazia inaweza kushusha uwezo wa oili wa kuzuia umeme usivuje hadi gari likakataa kuwaka. Tumia oili iliyotajwa na mtengenezaji, na hosi zake peke yake.

Amonia na kaboni dayoksaidi zinatumia POE pia?

Amonia, hapana: inaishambulia esta. Mitambo ya amonia hutumia oili ya madini, polialfaolefini, au aina maalumu za PAG. Kaboni dayoksaidi, R-744, hutumia POE au PAG zilizotengenezwa kwa ajili yake. Hizi si gesi za kubadilishia mfumo uliopo. Mtambo wake hujengwa upya.

Kifaa changu cha kutafutia tundu hakioni R-134a. Kimeharibika?

Labda hakijaharibika. Taa ya mwali na vifaa vingi vya zamani hunusa klorini, na R-134a haina. Tumia cha HFC, au naitrojeni na povu la sabuni. Usijaribu tundu kwa kuchanganya R-134a na hewa chini ya shinikizo. Mchanganyiko huo unaweza kushika moto.

R-134a haiharibu ozoni. Mbona nayo inaambiwa ipunguzwe?

Kwa ajili ya joto la dunia. Kwa ozoni ni sifuri, ila kilo moja ya R-134a hewani inalingana na takribani kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100, na R-404A inalingana na zaidi ya 3,900. Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016, yaliyoanza kutumika Januari 2019, yaliingiza HFC kwenye Mkataba wa Montreal kwa kupunguzwa hatua kwa hatua. Kwa fundi maana yake ni kwamba mfumo uliouosha vizuri leo hadi ukawa na POE safi utapokea gesi inayofuata kwa urahisi, kwa sababu nyingi za zinazofuata zinataka oili hiyohiyo.

Oili niliyoimwaga niipeleke wapi?

Si kwenye mtaro. Ina gesi iliyoyeyuka, asidi na chembe za chuma. Ikusanye kwenye chombo chenye lebo, usiichanganye na oili ya injini, kwa sababu mabaki ya klorini humfanya mchakataji aikatae, na umkabidhi anayeshughulikia taka za oili. Vaa glovu: POE inakera ngozi, na ikidondokea baadhi ya plastiki inazipasua. Wala usiweke mwali wa kulehemu kwenye bomba lenye mabaki ya R-12 au R-22. Joto linazigeuza kuwa asidi na fosijini, gesi ya sumu kali.

Nikimaliza, lebo iandikwe nini?

Jina la gesi mpya na uzito uliojazwa kwa kilo. Aina ya oili, mnato wake, chapa na ujazo. Asilimia ya oili ya madini uliyoipima mwisho. Tarehe, na jina la aliyefanya kazi. Ibandike kwenye kompresa yenyewe, si kwenye mlango wa chumba, maana mlango hubadilishwa, na ile lebo ya zamani ya R-12 au R-22 ifute kabisa ili fundi ajaye asiongeze gesi isiyohusika.